Mzee wa Projekta Anajibu: Mbona Paul Hakuaga?

Toleo lililopita niliigusia kidogo Heimat, ile filamu ya Mjerumani Edgar Reitz ya mwaka 1984: kijiji kimoja cha Ujerumani, ukoo mmoja, sehemu 11, zaidi ya saa 15. Nilidhani atakayenielewa ni mimi na mzee mwenzangu mmoja wa Walukuba ambaye siku hizi hata haoni vizuri. Kumbe mnaitazama. Barua zimekuja, nyingine kwa simu, moja kwa karatasi ya daftari la shule. Najibu chache.

Mzee, natazama Heimat kwenye simu. Inaanza nyeusi na nyeupe, mara rangi, mara nyeusi na nyeupe tena. Simu imekufa au waliorekodi waliiharibu? (Dereva wa boda, Mukono)

Simu yako ni nzima, usimpelekee fundi hela yako. Reitz na mpiga picha wake, Gernot Roll, walichanganya makusudi. Nami niliwahi kuwa na daftari nikitafuta kanuni yake: rangi ni furaha, nyeusi na nyeupe ni zamani, na kadhalika. Kanuni yangu ilivunjika hata kabla ya sehemu ya pili kuisha. Tazama tu.

Mzee wangu, salamu kutoka Arua. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza samaki wakavu wa Panyimur. Binti yangu wa kwanza yuko Ujerumani anasomea uuguzi. Desemba alikuja likizo akaniletea flashi, akasema, mama tazama hii, utadhani ni kwetu. Tumetazama usiku baada ya usiku mpaka betri ya sola inalia.

Swali langu ni hili. Mwaka 1928 Paul, kijana wa ule ukoo, anaondoka. Ana mke, ana watoto wawili wa kiume, baba na mama yake wako hai. Ugomvi hakuna. Hakuaga. Nilirudisha nyuma mara tatu nikidhani nimesinzia.

Baba yangu naye alikuwa fundi baiskeli kwenye njia ya Koboko. Mwaka 1991, nikiwa na miaka 11, alifunga gunia la muhogo mkavu kwenye baiskeli akaenda mashineni kusaga. Jioni mama akanituma nimfuate. Nikakuta baiskeli imeegemezwa ukutani, unga umesagwa na kufungwa vizuri, hela ya kusaga imelipwa. Yeye hayupo. Ule unga tuliula. Alirudi 2009, alishuka kwenye lori lililotoka Juba, mkononi begi moja. Mama alimpakulia kwenye sahani ya wageni. Sasa anakaa kwa dada yake, hata kuku wetu wanafika huko. Tunasalimiana. Hajasema kitu, nami sijauliza.

Je, kuna mahali filamu inaeleza Paul aliondokea nini, mimi pakanipita? Na kama hapapo, huyo Mjerumani alituficha kwa nini? (Binti wa Fundi Baiskeli)

Binti yangu, barua yako niliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mke wangu akichambua mchele. Nilipofika kwenye hela ya kusaga iliyolipwa, mikono yake ikasimama.

Hakuna kilichokupita. Filamu haisemi. Lakini ngoja nikuhadithie mimi niliyepitwa kweli.

Miaka ya 1990 mhandisi mmoja Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi bwawani hapa Jinja alipofunga virago aliniachia sanduku la kaseti 11 za video. Alikuwa ameirekodi Heimat kutoka televisheni ya kwao, BBC walipoionyesha mwaka 1986, na maandishi ya Kiingereza chini. Mimi nilikuwa nimeshaacha kazi ya gari la sinema la serikali, lile tulilopeleka vijijini, shuka nyeupe katikati ya miti miwili na jenereta likinguruma nyuma ya shule. Kwa hiyo muda nilikuwa nao. Nilizitazama moja moja, kwa mpango, Jumamosi kwa Jumamosi, hadi nikafika ya 8. Ya 8 ilikuwa imeota ukungu. Deki iliitafuna yote, nikaitoa utepe ukining'inia kama utumbo wa kuku.

Ya 8 ni ipi? Ni ile iitwayo Der Amerikaner, Mmarekani. Ndiyo siku Paul anarudi!

Basi fikiria. Nilimwona akirudi kutoka vitani mwaka 1919 kwa miguu. Nilimwona akitoka nyumbani 1928. Nilimwona 1939 akiwa melini bandarini Hamburg, mkewe Maria amesafiri na mwanawe kwenda kumpokea, naye Paul asiruhusiwe kushuka kwa sababu jina lake la ukoo ni Simon na hana karatasi za kuthibitisha kwamba si Myahudi. Halafu pengo. Nikarukia miaka ya 1950, kisha ya 1960, na hapo nikamwona mzee tajiri anakaa Baden-Baden na mtoto wake Anton amefunga safari kumwomba ushauri wa kiwanda. Nilijua tu kwamba alirudi. Jinsi alivyopokelewa, sikujua.

Miaka 7 nilikaa na pengo hilo, nami nikalijaza. Kichwani mwangu walichinja mbuzi. Maria aliangusha ndoo. Mama yake Paul alipiga vigelegele (mama wa Kijerumani, vigelegele! lakini kichwa changu kililelewa Walukuba, kingefanyaje). Na muhimu zaidi, kichwani mwangu Paul alikaa kwenye kiti, akavuta pumzi, akaeleza.

Mwaka 2003 mpwa wangu akaniletea filamu nzima kwenye diski. Nikaenda moja kwa moja kwenye sehemu ya 8. Gari refu la Kimarekani linaingia kijijini, dereva wake ni Mmarekani mweusi, na ndani kuna bwana mwenye kofia. Mbuzi hakuna. Amerudi tajiri, mwenye kampuni yake huko Detroit, na nafasi yake nyumbani haipo. Maria hamrudishi kuwa mume. Wanaongea, wanakula, watu wanalishangaa gari. Halafu anaondoka tena. Nilikasirika, binti yangu. Nilizima televisheni nikatoka nje kuongea na mbwa.

Ndiyo sahani ya wageni uliyoniandikia. Mama yako hakumfukuza, na wala hakumpa sahani yake.

Sasa ukitaka vijisababu, Reitz amevimwaga kila mahali. Rudi mwanzo kabisa. Paul anaingia kijijini kutoka vitani na hakuna salamu: anamkuta baba yake, yule mhunzi, yuko kazini, naye anashika chuma kumsaidia. Halafu jikoni, ukoo mzima umemzunguka, majirani wanaongea wote kwa pamoja, yeye anamwona rafiki yake aliyekufa. Kuna ile redio anayoiunda kwa mikono yake, waya kila mahali, apate kusikia sauti za mbali. Kuna Apollonia, yule msichana ambaye kijiji kilimsema mpaka akahama. Na sehemu yenyewe ya kwanza inaitwa Fernweh, ugonjwa wa kutamani mbali. Jumlisha vyote hivyo. Mimi nimejumlisha, havifikii uzito wa mwanamume kutoka mlangoni kwake akaacha watoto wawili. Nafikiri Reitz naye alijua havifikii, akaviacha hivyohivyo.

Ila kuna kitu kimoja nilikiona kwa kuchelewa, nami nilishika projekta miaka 14! Kamera haihami na Paul. Angalia filamu tunazozijua sisi, za kibanda cha video, zile wanazotafsiri kina VJ Jingo: mtu akitoka kijijini kamera inapanda basi pamoja naye. Tunaona Kampala, tunaona hoteli, tunaona mwanamke mwingine. Kijiji tunakiona tena siku ya mazishi. Reitz anabaki na Maria. Detroit hatuioni. Tunaona nguo zinaanikwa, viazi, wajukuu, umeme unaletwa, Wanazi wanaingia kwa ofisi na sare na barabara mpya, vita, na Maria yupo palepale mpaka 1982. Anayeuliza "huko aliishije" hajibiwi. Anayeuliza "nyumbani kulikuwaje" anapewa saa 15.

Na usidhani hakufichi kitu kabisa. Wapo waliomlaumu Reitz kwamba mateso ya Wayahudi yanapita pembeni tu mwa filamu, nami nakubaliana nao. Nikiitazama leo naona ni ukimya uleule. Kijiji kilichoweza kuishi miaka 18 bila kusema kwa sauti kwa nini Paul hayupo mezani, kisingeshindwa kutouliza majirani wengine wamepelekwa wapi. Hapo sijui kama anakionyesha kijiji au na yeye ni mwanakijiji. Mama yake na baba yake ni watu wa huko, amezaliwa Morbach mwaka 1932, baba alikuwa fundi saa.

Unaniuliza bila kuuliza: umuulize baba?

Nina kaka yangu mkubwa. Mwaka 1998 aliacha kusema nami baada ya msiba wa baba, kuhusu vitu ambavyo vyote vilitosha kwenye kitoroli kimoja. Redio, cherehani, koti la reli. Tulikuwa tunapishana sokoni Amber Court kama wageni. Mwaka 2011 nikamfuata, nikamuuliza, kaka, ilikuwa nini? Akanipa sababu sita. Ya sita niliona usoni mwake kwamba hata yeye ndiyo anaisikia kwa mara ya kwanza. Ukimlazimisha mtu atoe sababu baada ya miaka mingi atakutengenezea, naye ataiamini, na nyote wawili mtakuwa mmebeba kitu ambacho hakikuwepo.

Kwa hiyo mimi nisingemuuliza kwa nini. Ningempelekea samaki, nikakaa, nikamwambia: ule unga ulikwisha Jumatano. Baiskeli tuliiuza kwa fulani, kwa kiasi fulani. Mwaka uliofuata fulani alilima. Karo ya darasa la saba ilitoka huku. Mama aliugua hivi. Mwambie mwaka mmoja kwa ziara moja, usimwage yote. Yeye hakuwepo kwenye filamu hiyo, na kaseti unayo wewe. Akiondoka katikati ya hadithi, basi. Akiuliza swali hata moja dogo, kama baiskeli ilipata bei gani, niandikie.

Neno Heimat Waingereza wanahangaika nalo, wanasema halitafsiriki. Sisi tunalo siku zote: kwetu. Binti yako aliposema "utadhani ni kwetu" alitafsiri jina la filamu bila kujua.

Mzee wa Projekta, filamu za Wajerumani za vijijini kila mara ndugu wamenuniana kwa sababu ya shamba. Huko baba anaweza kumnyima kabisa mtoto aliyegombana naye? (Mwalimu mstaafu, Masaka)

Mwalimu, mimi ni mtu wa mikanda, lakini hili niliwahi kuelezwa na mtu wa sheria nikalielewa. Huko baba akiandika wosia akamwacha mtoto nje, mtoto bado anaweza kudai nusu ya fungu ambalo sheria ingempa kama wosia usingekuwepo. Anadai fedha, si ardhi. Kumnyima hata hiyo nusu kunahitaji makosa mazito kweli, kununiana hakutoshi. Halafu katika majimbo kama Niedersachsen na Schleswig-Holstein kuna sheria ya mashamba inayompa mrithi mmoja shamba zima lisikatwekatwe, na wengine wanalipwa. Sasa wewe fikiria: mmoja anabaki na ng'ombe, watatu wanaondoka na bahasha, na Krismasi wote wanatakiwa kukaa meza moja. Mwandishi wa filamu hana haja ya kubuni kitu.

Kwetu Uganda, tangu marekebisho ya sheria ya urithi ya 2022, anayekufa bila wosia mali yake inagawanywa asilimia 75 kwa watoto, 20 kwa mjane wa kike au wa kiume, 4 kwa wategemezi na 1 kwa mrithi wa kimila, na nyumba ya makazi ina taratibu zake. Kwa shamba lako mwenyewe muone wakili, usinitegemee mimi.

Mzee, nina miaka 24, niko Mbale. Nataka kutengeneza filamu kuhusu ukoo wetu, wajomba hawasemezani tangu 2005. Nina kamera ya kuazima na wajomba wenyewe wako tayari kuigiza, ila kila mmoja kwa siku yake. Nianzie wapi? (Kijana wa Wanale)

Kila mmoja kwa siku yake! Kijana, hapo una filamu tayari. Usiwapatanishe mpaka umalize kupiga picha. (Natania. Wakipatana, weka kamera chini uende ukale.)

Reitz alianza akiwa ameanguka. Filamu yake ya 1978 kuhusu mshonaji aliyetaka kuruka angani ilimfilisi. Akajifungia kisiwani Sylt, theluji ikamfungia njia, naye akaanza kuandika kumbukumbu za watu wa kwao. Hakuanza na hadithi, alianza na watu na vitu. Nawe fanya hivyo: kaa wiki mbili, andika nani ana kiti gani, nani anapita njia ipi asikutane na nani. Njia hizo za kukwepana ndizo picha zako.

Wanakijiji walicheza pamoja na waigizaji wa kazi. Walipiga picha zaidi katika kijiji cha Woppenroth, na karakana ya mhunzi iko Gehlweiler. Schabbach yenyewe, kijiji cha kwenye filamu, usiitafute kwenye ramani, haipo. Nawe kipe kijiji chako jina la kubuni, hata kama kila mtu wa Mbale atakitambua kwa mwamba ule wa Wanale. Mjomba akilalamika unamwambia, mjomba, kwani hapa ni pale?

Lugha: wanaongea lafudhi ya Hunsrück, eneo la kwao Reitz, si Kijerumani cha redioni. Wajomba wako wagombane kwa Lugisu. Wakigombana kwa Kiingereza watakuwa wanasoma taarifa. Maandishi ya Kiswahili chini nitakusaidia mwenyewe, bure.

Sauti ni muhimu kuliko kamera. Filamu ya watu walionuniana ni filamu ya ukimya, na ukimya unaonasa vibaya unasikika kama kikaango. Usirekodi chini ya mabati mwezi wa Aprili. Mwombe jirani azime redio, mlipe soda ikibidi. Pesa za televisheni mbili za umma kama alizopata Reitz huna, lakini kina Nabwana, watengeneza filamu wa pale Wakaliga, Kampala, wameonyesha kwamba vyuma chakavu vinatosha kuunda helikopta, sembuse wewe unayehitaji wajomba wanne na mgomba. Ukimaliza, ulizia tamasha la filamu la UCC, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, lipo tangu 2013 na linapokea za lugha zetu.

Na mlipe kila mjomba sawasawa, siku moja, mbele ya shahidi. Ukikosea hapo utaniandikia barua nyingine mwaka 2045.

Mzee, naweza kuazima zile kaseti zako? (Jirani, Walukuba)

Wewe nakujua, na bado una ngazi yangu. Kaseti njoo utazame hapa, saa kumi jioni, umeme ukiwepo. Ya 8 tutaitazama kwenye diski.